Nyumba ya Runzewe Ina Mita

Wiki mbili zilizopita nilikuwa Runzewe, wilayani Bukombe, nyumbani kwa mama. Kwa asiyepajua, Runzewe ni mji wa njiani. Malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda na Burundi hupita pale baada ya Kahama na Ushirombo, kabla ya kufika Lusahunga. Mimi nilizaliwa tukiwa Mkoa wa Shinyanga. Tangu mwaka 2012 tuko Mkoa wa Geita, ingawa hatukuhama hatua moja. Watu wa kwetu hulima, hufuga, hurina asali, na siku hizi wengi huishi kwa dhahabu, ama kwa kuichimba ama kwa kumpikia na kumpangisha anayeichimba.

Mama yumo katika kundi la mwisho. Nyuma ya nyumba yake kuna vyumba vitano alivyoviacha marehemu baba. Wapangaji wake ni kijana anayefanya kazi kwenye karasha, mama mmoja muuza mitumba, fundi pikipiki, na vijana wawili ambao leo wako machimboni na kesho wamerudi. Mita ya umeme ni moja. Kila mwezi anayenunua LUKU wa kwanza hukuta amekatwa shilingi 1,500 za kodi ya majengo, na kila mwezi hugonga mlango wa mama: "Shikamoo mama, mwezi huu nimekatwa mimi." Mama humrudishia fedha yake na kuandika katika daftari. Daftari hilo lina historia ya utaratibu wote: mwaka 2021, makato yalipohamishiwa kwenye mita, yalikuwa shilingi 1,000, mwaka 2023 yakapanda hadi 1,500.

Jioni moja nilikuwa nikimweleza mama habari za kodi ya zuio, ile asilimia 10 ya pango. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Niliwahi kumsimulia habari za rafiki yangu mmoja, msomi kama mimi, aliyenunua nyumba ndogo ya ghorofani huko Dubai, ambayo huitumia wiki mbili kwa mwaka wakati wa likizo na kuipangisha kwa watalii siku zilizobaki. Mama akasema: "Na yule mwenzako wa Dubai, mwanangu, yeye wanamkata kwenye umeme wa nani?"

Sikuwa na jibu jepesi. Ninalo jibu refu, nami naomba uvumilivu wako.

Tuanze na nyumba ya Runzewe. Lugha yetu humfanya mpangaji alipe "kodi" kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba alipe "kodi" kwa serikali. Ili tusipotezane, fedha ya mpangaji nitaiita pango, na neno kodi nitaiachia serikali. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inataka asilimia 10 ya pango la ardhi na majengo izuiwe na mpangaji na kupelekwa Mamlaka ya Mapato. Kwa muda mrefu wajibu wa kuzuia ulimhusu mpangaji mfanyabiashara. Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 ikaupanua hadi kwa mpangaji mtu binafsi, na mjadala ukawa mkali nchi nzima, kwa sababu wapangaji walielewa mara moja kwamba mwenye nyumba mwenye nguvu atawaongezea pango na kuwaachia wao mzigo.

Tuchukue mfano. Vyumba vitano, kila kimoja shilingi 40,000 kwa mwezi, na vyote vimejaa mwaka mzima. Pango la mwaka ni shilingi 2,400,000. Asilimia 10 yake ni 240,000. Ongeza kodi ya majengo ya mwaka, 18,000, jumla inakuwa 258,000.

Sasa angalia jambo ambalo wengi hatulioni. Mfanyakazi wa Tanzania Bara ambaye mshahara wake hauzidi shilingi 270,000 kwa mwezi, yaani 3,240,000 kwa mwaka, halipi kodi ya mapato hata senti. Tumekubaliana kama taifa kwamba kipato cha chini ya hapo ni cha kujikimu. Mama mwenye 2,400,000 kwa mwaka anatozwa tangu shilingi ya kwanza, kwa sababu zuio la pango kwa mtu binafsi ni kodi ya mwisho na halisomi jedwali la viwango. Halafu zuio hilo hutozwa kwenye pango lote kabla ya gharama. Upepo ukiezua mabati, naye akatumia shilingi 600,000 kuyarudisha, hesabu ya kodi haibadiliki. Mabati ni yake, upepo ni wake, asilimia 10 ni ya serikali.

Naomba nieleweke: silalamiki kwamba mama anatozwa. Mwenye pango ana wajibu, na barabara anayopitia mpangaji wake haikujengwa na malaika. Nataka tu tukumbuke uzito wa mkono huo tunapovuka bahari kwenda kuitazama nyumba ya pili.

Wengi, pamoja na wasomi, huamini kwamba pango la nyumba iliyoko nje ya nchi ni jambo la nchi hiyo ya nje. Huko ni kukosea. Sheria hiyo hiyo ya mwaka 2004 inasema mkaazi wa Tanzania hutozwa kodi kwa mapato yake yote ya dunia, popote yalipopatikana. Mkaazi ni nani? Ni mtu mwenye makazi ya kudumu nchini ambaye alikuwapo nchini kwa sehemu yoyote ya mwaka husika. Au aliyekuwapo kwa siku 183 au zaidi katika mwaka huo. Au aliyekuwapo katika mwaka huo na miwili iliyotangulia kwa wastani wa zaidi ya siku 122 kwa kila mwaka. Mgeni ambaye ukaazi wake nchini, katika maisha yake yote, haujazidi miaka miwili husamehewa mapato yake ya nje. Rafiki yangu hasamehewi. Anafundisha hapa, anaishi hapa, watoto wake wanasoma hapa. Yeye ni mkaazi kama mlima Kilimanjaro ulivyo mkaazi.

Pango la Dubai haliingii kwenye ile asilimia 10 ya mwisho, kwa kuwa hiyo ni ya nyumba zilizoko nchini. Linaingia kwenye jumla ya mapato yake, na linatozwa kwa jedwali la kawaida, ambalo kilele chake ni asilimia 30 kwa kila shilingi inayozidi milioni 1 kwa mwezi. Kwa upande wake, tofauti na mama, anaruhusiwa kutoa gharama: ada ya jengo, malipo ya wakala, matengenezo. Tuseme kwa mfano kwamba baada ya gharama zote anabaki na sawa na shilingi 50,000,000 kwa mwaka. Mshahara wake tayari umevuka kile kiwango cha juu, kwa hiyo milioni 50 zote zinaangukia asilimia 30. Kodi ni shilingi 15,000,000.

Je, ikiwa amekwisha lipa kodi huko? Sheria yetu ina jibu la haki: kodi aliyolipa nje kwa mapato yale yale hupunguzwa kwenye kodi anayodaiwa hapa, mradi punguzo lisizidi kodi ya Tanzania kwa mapato hayo. Tuna pia mikataba ya miaka mingi ya kuzuia kutoza mara mbili na nchi tisa: Afrika Kusini, Canada, Denmark, Finland, India, Italia, Norway, Sweden na Zambia. Katika mikataba ya namna hiyo kanuni ni moja: nchi ambamo nyumba imesimama ina haki ya kwanza ya kutoza, na nchi ya makazi ya mwenye nyumba huhakikisha hatozwi mara mbili. Lakini Dubai haitozi watu binafsi kodi ya mapato kwenye pango la nyumba. Hakuna cha kupunguza. Milioni 15 zinadaiwa hapa, zote.

Milioni 15 ni zuio la mwaka mzima la akina mama 62 wa vyumba vitano vitano. Na kiasi kinacholipwa kweli, kwa mujibu wa rafiki yangu mwenyewe, ambaye ni mkweli kuliko wengi, ni sifuri. Alinijibu hivi: "Daktari, hakuna aliyewahi kuniuliza."

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Walioandika sheria yetu hawakumpendelea tajiri. Katika karatasi, mwenye nyumba Dubai anadaiwa asilimia 30 na mama wa Runzewe asilimia 10. Katika maisha, mama hulipa na mwenye Dubai hapewi hata swali. Upendeleo umekaa katika macho ya dola. Nyumba ya Runzewe ina mita, na mita ina namba, na namba imo kwenye kompyuta. Nyumba hiyo ina wapangaji ambao sheria imewageuza kuwa wakusanyaji wa kodi bila ujira. Ina mwenyekiti wa mtaa anayemjua mwenye nyumba, baba yake na babu yake. Nyumba ya Dubai ina mita pia, lakini mita hiyo haizungumzi Kiswahili.

Wapo watakaoniambia kwamba dunia sasa imefunguka, na nchi hupeana taarifa. Ni kweli kwa nusu. Mfumo wa kimataifa wa kupeana taarifa za fedha moja kwa moja, ulioandaliwa na OECD na kuridhiwa mwaka 2014, ulihusu akaunti za fedha: salio la benki, riba, gawio. Nyumba hazikuwamo. Mwenye akili alielewa somo haraka: fedha iliyolala benki inaonekana, fedha iliyogeuzwa kuwa sebule na roshani haionekani. Watafiti wa uchumi, wakiwamo Annette Alstadsæter na Gabriel Zucman, walichambua kumbukumbu za umiliki zilizovuja na kukadiria kwamba mali ya wageni katika nyumba za Dubai pekee ilifikia angalau dola bilioni 146 mwaka 2020. Wahindi na Waingereza walikuwa mstari wa mbele. Sisi tuna sehemu gani ndani ya bilioni hizo, hilo ni swali ambalo Bunge letu lilipaswa kuwa limeliuliza siku nyingi.

Historia ya nchi hii kuhusu pango haikuanza na LUKU. Mwaka 1897 utawala wa Kijerumani ulitangaza kodi ya vibanda, rupia 3 kwa kibanda cha kijijini. Asiye na rupia alilipa kwa jasho. Waliichagua nyumba kwa sababu ile ile tunayoichagua sisi: nyumba haikimbii na mwenye nyumba hujulikana. Kodi hiyo ilikuwa miongoni mwa machungu yaliyowasha vita vya Maji Maji mwaka 1905. Ukitazama vizuri, mita ya umeme ni msimamizi yule yule wa kuhesabu vibanda, ila hana bunduki na hachoki.

Kisha likaja Azimio la Arusha la mwaka 1967. Miiko ya uongozi ilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi. Sitetei kila kilichofanyika mwaka ule. Wapo walioonewa, na baadhi ya nyumba zilirudishwa baadaye. Nataka tukumbuke tu kwamba kuna wakati taifa hili liliona pango kuwa jambo la kimaadili, la kujadiliwa hadharani, tena likianza na wakubwa. Mwaka 1991, katika kikao cha Zanzibar, chama tawala kililegeza miiko hiyo, na kiongozi akaruhusiwa kupangisha. Sawa, nyakati zilibadilika. Lakini kuruhusiwa kumiliki ni jambo moja, na kuruhusiwa kutoulizwa ni jambo jingine. La kwanza lilipitishwa kikaoni. La pili halikupitishwa popote, nasi tumelizoea kana kwamba limo katika Katiba.

Sasa nizijibu hoja za upande wa pili, kwa maana nimezisikia zote, baadhi katika chumba cha chai cha walimu wenzangu.

Hoja ya kwanza: nyumba iko nje, haitumii barabara zetu wala maji yetu, kwa nini itozwe hapa? Jibu ni kwamba kodi ya mapato haimtozi ukuta, humtoza mtu. Mwenye nyumba anatumia barabara zetu, na watoto wake wanalindwa na polisi wetu. Hata fedha aliyonunulia nyumba ile aliipata hapa. Kama uwezo wake wa kulipa umeongezeka kwa milioni 50, umeongezeka akiwa amekaa miongoni mwetu.

Hoja ya pili: mtamfukuza mwenye mtaji. Ndugu zangu, mtaji huo umekwisha ondoka. Tunazungumzia fedha iliyokwenda kujenga mnara jangwani. Aliyejenga vyumba Runzewe alinunua mchanga Runzewe, akamlipa fundi wa Runzewe, na leo anatozwa. Aliyepeleka fedha yake nje hakumlipa fundi yeyote wa hapa, na hatozwi. Kama kuna sera inayofukuza mtaji, ni hii tuliyo nayo sasa, inayomwambia mwenye fedha kwamba akijenga nyumbani ataonekana na akijenga ugenini hataonekana.

Hoja ya tatu inawahusu ndugu zetu wa ughaibuni, na ni hoja ya haki. Mtanzania anayeishi na kufanya kazi Oslo, Muscat au Toronto, asiye mkaazi wa Tanzania kikodi, hadaiwi chochote na Tanzania kwa nyumba aliyonunua huko anakoishi. Yeyote anayewatisha ndugu hao apuuzwe. Wao wanadaiwa hapa kwa pango la nyumba walizojenga hapa tu, na tena kwa asiye mkaazi zuio ni asilimia 15 badala ya 10. Mtoto wa Bukombe aliyeko Oslo akijenga vyumba Ushirombo hutozwa zaidi kuliko jirani yake, na huko Norway hutakiwa kuyataja mapato hayo katika ritani yake, ambapo mkataba wetu na Norway humkinga asilipe mara mbili. Tazama kichekesho hiki: kijana wa ughaibuni aliyejenga nyumbani anaulizwa na serikali mbili, na mkubwa wa nyumbani aliyejenga ughaibuni haulizwi na hata moja.

Hoja ya nne ndiyo inayouma, kwa kuwa ina ukweli: serikali yenyewe hutumia vibaya kodi, kwa nini tuiongezee? Nakubali sehemu ya kwanza. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu husomwa kila mwaka, na kila mwaka tunashika vichwa. Lakini hoja hii ina kasoro moja: hutolewa na wale tu wenye uwezo wa kukwepa. Mama hawezi kuiambia mita kwamba hajaridhika na matumizi ya umma. Ikiwa ubadhirifu ni sababu halali ya kutolipa, basi iwe halali kwa wote, na nchi ifungwe. Ikiwa si halali kwa mwenye vyumba vitano, haiwezi kuwa halali kwa mwenye roshani inayotazama ghuba.

Wapo pia watakaouliza kama jambo hili linawezekana kutekelezwa. Tazama wenzetu, tena baadhi yao tuna mikataba nao. Italia tangu mwaka 2012 huwatoza wakaazi wake kodi ya kila mwaka kwa thamani ya nyumba walizo nazo nje, mbali na kodi ya pango. India, nchi yenye maskini wengi kuliko sisi, ina jedwali maalumu katika ritani ambamo mkaazi hutaja mali zake zote za nje, na mwaka 2015 ikatunga sheria inayotoza asilimia 30 ya mali na mapato ya nje yaliyofichwa na kuongeza adhabu ya mara tatu ya kodi hiyo. Mkaazi wa Uingereza mwenye nyumba ya mapumziko Hispania hutozwa kwanza Hispania, kwa asilimia 24, kisha hujaza kurasa za mapato ya nje nyumbani kwake na kupunguziwa kile alicholipa. Hakuna miujiza katika haya. Kuna swali lililochapishwa kwenye fomu, na adhabu kwa anayejibu uongo.

Tusisahau upande wa pili wa bahari hiyo hiyo. Huko Zanzibar, kuanzia Fumba hadi Paje, wapo wageni wanaomiliki nyumba za mapumziko na kuzipangisha kwa watalii kwa njia ya intaneti. Mgeni hulipa kwa kadi akiwa Ulaya, mwenye nyumba hupokea akiwa Ulaya, na kinachofika Unguja ni masanduku ya nguo. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, na pango la nyumba iliyosimama katika ardhi yetu ni letu kulitoza, hata kama fedha haikugusa benki yetu. Mwaka 2022 tulianzisha kodi ya asilimia 2 kwa huduma za kidijitali za makampuni yasiyo na makazi hapa. Hiyo ni kodi ya mwenye jukwaa. Mwenye nyumba naye je? Tutakuwa na uso gani wa kuiomba nchi nyingine ituonyeshe nyumba za watu wetu, kama hatuna orodha ya nyumba za watu wao?

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji kodi mpya.

Kwanza, ritani ya mtu binafsi imuulize mkaazi kwa Kiswahili cha wazi: je, una nyumba au sehemu ya nyumba nje ya nchi, kwa jina lako, la mwenzi wako au la kampuni? Iko nchi gani? Ilipangishwa siku ngapi? Pango lilikuwa kiasi gani, na umelipa kodi gani huko? Leo anayekaa kimya anaweza kusema alisahau. Akiulizwa hivyo akaandika "sina", amesema uongo kwa maandishi.

Pili, tuanze na wakubwa, kama mwaka 1967. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 tayari inawataka viongozi kutangaza mali na madeni yao kwa Sekretarieti ya Maadili. Matamko hayo yalinganishwe na ritani zao. Ikiwa kiongozi ametaja nyumba nje katika tamko, na ritani yake haina pango la nje, aulizwe. Ikiwa hajaitaja popote na ikajulikana ipo, aulizwe kwa sauti kubwa zaidi.

Tatu, kuwe na muda wa kujitokeza. Mwaka 2018 serikali ilitoa msamaha wa riba na adhabu kwa madeni ya kodi ya nyuma. Utolewe tena, safari hii kwa mapato ya nje, kwa miezi 6 na kwa mara moja tu: lipa kodi yenyewe, usamehewe riba na adhabu. Baada ya hapo mlango ufungwe kweli. Sambamba na hilo, nchi yetu ishiriki kila mpango wa kimataifa wa kupeana taarifa za umiliki wa nyumba, na ianze na Falme za Kiarabu.

Nne, sehemu ya kitakachopatikana imrudie mama. Pango la mtu binafsi lisilozidi kile kiwango cha kujikimu, shilingi 3,240,000 kwa mwaka, lisitozwe zuio ikiwa hana kipato kingine. Hakuna sababu ya kimantiki kwa nini shilingi ya mshahara ihurumiwe na shilingi ya pango la mjane isihurumiwe. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Kabla sijamaliza, nina la kukiri. Makaratasi ya nyumba ya Runzewe huyashughulikia mimi, kwa kuwa mama hajui mambo ya kompyuta. Kwa miaka mitatu pango la vyumba vile halikuonekana katika ritani yoyote. Hatukuficha, mimi nilizembea, na kila mwaka nilijiambia kwamba vyumba vitano vya kijijini haviwezi kuwa na maana. Nilipoanza kuandika makala haya niliona aibu ya kumnyooshea mtu kidole chenye uchafu. Nikaenda ofisini, nikaeleza, nikapewa namba ya malipo, nikalipa ya nyuma pamoja na riba yake, kutoka mshahara wangu. Nimejifunza mambo mawili. La kwanza ni kwamba kisingizio cha mtu mdogo na cha mtu mkubwa ni kimoja: hakuna aliyeniuliza. La pili ni kwamba ingenichukua asubuhi moja tu kulimaliza jambo nililoliahirisha miaka mitatu.

Rafiki yangu wa Dubai amesoma makala haya kabla sijayachapisha. Nilimpa kwa heshima ya urafiki wetu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba angejitokeza ikiwa wote watajitokeza, lakini hatakuwa mjinga wa kwanza. Sikumlaumu sana. Ndivyo jamii nzima inavyosema. Ndiyo maana kazi hii haiwezi kuachiwa dhamiri ya mtu mmoja mmoja. Ni kazi ya Bunge na ya Mamlaka ya Mapato.

Nilipoondoka Runzewe mama alikuwa mlangoni, akimrudishia kijana wa karasha shilingi 1,500 zake za mwezi. Akaandika katika daftari lake, akalifunga, akanikumbusha swali lake. Nimelileta kwenu, waheshimiwa wabunge wa Bukombe na wa kwingineko, kwa sababu mimi nimeshindwa kulijibu peke yangu: yule wa Dubai, wanamkata kwenye umeme wa nani?